Je, dola ya Uajemi ilikuwa imeoza kabla Alexander hajafika?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nafundisha historia sekondari, na klabu yetu ya mdahalo imechagua mada hii: 'Dola ya Uajemi iliangushwa na udhaifu wake wenyewe, si na Alexander.' Upande unaounga mkono umejaa, unaopinga hauna mtu. Wanafunzi wanasema Wagiriki 10,000 waliingia mpaka karibu na Babeli wakatoka salama, kwamba wafalme walilewa anasa, na kwamba Dario wa Tatu alikimbia vitani mara mbili. Mmoja wao ameniuliza: kama dola ilikuwa na watu na dhahabu kiasi kile, kijana wa miaka 21 aliiangushaje kwa miaka minne? Nilishindwa kumjibu. Je, ni kweli ilikuwa ikingoja tu mgeni wa kuisukuma?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mpe huyo mwanafunzi hongera zangu, maana swali lake limeipita mada ya mdahalo. Historia ya kale ya Mashariki ya Karibu ndiyo kazi yangu, na kila mwaka nalikuta wazo hili la Uajemi iliyooza likiwa limeshakaa vichwani mwa wanafunzi kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Najua linavyobana. Ukisema dola ilikuwa imara, unaulizwa mbona ilianguka. Ukisema ilikuwa dhaifu, unajikuta unarudia maneno ya walioishinda.

Mimi nashikilia hivi: dola haikuwa imeoza, ila ilikuwa na mahali pamoja pa kuvunjikia, na mahali hapo palitokana na ubora wake. Jahazi zima lisilovuja hata tone, mtu akiuteka usukani, linakwenda anakotaka yeye.

Tuanze na kuoza. Koreshi, yule yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamkuta katika kitabu cha Ezra akiwaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu, aliisimamisha dola hii kuanzia mwaka 550 KK hivi. Yeye na warithi wake walitawala kwa zaidi ya miaka 200, na dola ilienea kutoka pwani ya bahari ya Aegean mpaka mto Indus. Haikuwa miaka ya raha mustarehe. Misri ilijitoa karibu na mwaka 404 KK, na juhudi za kuirudisha zilishindwa zaidi ya mara moja. Lakini mwaka 343 KK Artashasta wa Tatu aliivamia na kuitwaa tena. Piga hesabu ubaoni na wanafunzi wako: kutoka 343 mpaka 334, mwaka Alexander alipovuka kuingia Asia, ni miaka tisa tu. Kuitwaa Misri kulihitaji jeshi, merikebu, maji ya kuvukia jangwa, fedha ya kuwalipa mamluki, na maofisa wa kuhakikisha vyote hivyo vinafika kwa wakati. Dola iliyooza haiiwezi kazi hiyo.

Kitini palikuwa na msukosuko, hilo silifichi. Artashasta wa Tatu alikufa mwaka 338, mwanawe Arses akatawala miaka miwili tu, kisha akaingia Dario wa Tatu, mtu wa tawi la pembeni la ukoo wa kifalme. Waandishi wa Kigiriki wanasema towashi Bagoas aliwaua Artashasta na Arses kwa sumu. Lakini mwaka huo huo wa 336, Philip wa Makedonia, ufalme wa kaskazini mwa Ugiriki, baba yake Alexander, alichomwa kisu mbele ya wageni kwenye arusi ya binti yake. Viti vyote viwili vilikuwa na wafalme wapya. Alexander alitumia karibu miaka miwili kuzima maasi nyumbani, na mwaka 335 aliubomoa kabisa mji wa Thebes ili Wagiriki wengine waogope. Mfanyabiashara wa Tiro aliyekuwa na fedha ya kukopesha mwaka ule, sidhani kama angemkopesha Alexander.

Sasa wale 10,000. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ushahidi ambao wanafunzi wako wanautumia kuthibitisha udhaifu ndio unaotuonyesha dola ilivyofanya kazi. Mwaka 401 KK Koreshi Mdogo, ndugu yake mfalme, aliondoka Sardi, mji wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo), akakusanya mamluki wa Kigiriki zaidi ya 10,000 pamoja na jeshi lake la Kiasia, akaja kumpindua kaka yake Artashasta wa Pili. Wakakutana Cunaxa, karibu na Babeli. Wagiriki wakawafukuza waliosimama mbele yao. Upande wao walishinda. Lakini Koreshi Mdogo alimwona kaka yake katikati ya jeshi, akachomoka na wapandafarasi wachache kumvamia, akauawa papo hapo.

Na vita vikaisha. Jeshi lake la Kiasia likatawanyika, na wale Wagiriki wakajikuta wamesimama uwanjani na ushindi usio na mwenyewe. Hawakuwa na mtu wa kumweka kitini, kwa hiyo hawakuwa na la kufanya Babeli ila kutafuta njia ya kurudi kwao. Majemadari wao wakakamatwa kwa hila na kuuawa, wakatembea kwa taabu kupitia milima ya Kurdistan ya leo na theluji ya Armenia mpaka Bahari Nyeusi. Hawakuteka jimbo hata moja. Kusema safari hiyo ilithibitisha kwamba Uajemi ni mlango wazi ni kuusoma mkasa huu kinyume. Ilithibitisha kwamba katika dola ile kila kitu kilifungwa kwenye nafsi ya mfalme. Mtu akimpata mfalme, amepata dola. Akimkosa, hata akishinda vita hana kitu.

Dola ilikuwa pia na dawa iliyojaribiwa kwa wavamizi. Mwaka 396 KK mfalme Agesilaus wa Sparta aliingia Asia Ndogo akapora kwa raha zake. Waajemi hawakuhangaika kumkusanyia jeshi kubwa. Walimtuma mtu na dhahabu mpaka Thebes, Korintho na Argos, na Sparta ikajikuta ina vita nyumbani. Agesilaus akaitwa arudi. Sarafu ya Kiajemi ilikuwa na picha ya mpiga upinde aliyepiga goti, na inasimuliwa kwamba mzee yule alisema ametolewa Asia na wapiga upinde 10,000 wa mfalme. Kufikia mwaka 386 Wagiriki wakakubali amani ambayo masharti yake yaliandikwa na mfalme wa Uajemi. Umbali, dhahabu na subira: kwa miaka mingi hivyo vitatu vilitosha.

Kwa nini havikutosha kwa Alexander? Jibu la kwanza ni kwamba vilikaribia sana kutosha. Mwaka 334 alipovuka na askari wa miguu kama 30,000 hivi na wapandafarasi 5,000, inasimuliwa kwamba alikuwa amebeba chakula cha siku 30 tu na madeni mengi. Memnon wa Rhodes, Mgiriki aliyemtumikia mfalme wa Uajemi, aliwashauri maliwali: tusipigane naye, tuchome mashamba, tuchome hata miji, turudi nyuma, njaa itamrudisha. Ushauri ulikuwa sahihi. Arsites, liwali wa jimbo lile, akajibu kwamba hatakubali hata nyumba moja ya watu waliowekwa chini yake iungue.

Usimcheke Arsites. Liwali alipata kodi na utii kwa sababu aliyalinda mashamba. Kumwambia ayachome ni kumwambia avunje mkataba uliomweka pale. Wakaamua kupigana kwenye mto Granicus, na hapo pia ilibaki kidogo tu. Mkuu mmoja wa Kiajemi alimpiga Alexander upanga wa kichwa ukakata sehemu ya kofia yake ya chuma. Spithridates, liwali wa Lydia, alikuwa ameshainua mkono nyuma yake kummaliza, ndipo Cleitus, afisa wa Makedonia, alipoukata mkono ule begani. Mkono ule ungeshuka, nadhani leo tungekuwa tunamfundisha Alexander kwa aya moja, karibu na Agesilaus.

Mwaka uliofuata Memnon alihamishia vita baharini. Alexander alikuwa ameshavunja kundi lake la merikebu. Memnon akachukua kisiwa cha Chios na sehemu kubwa ya Lesbos, na kule Ugiriki watu wakaanza kumngojea. Hiyo ilikuwa ile dawa ya zamani. Akaugua akafa akiwa anauzingira mji wa Mytilene. Dario akawaita mamluki wa pwani waende kuungana na jeshi kuu alilokusudia kuliongoza mwenyewe, na dawa ya zamani ikaachwa katikati.

Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi. Wavamizi wa zamani walitaka nyara. Alexander alitaka kiti. Ili hilo lieleweke, lazima wanafunzi waione dola ilivyoendeshwa siku za kawaida.

Mfalme aliweka liwali katika kila jimbo, mara nyingi kabaila wa Kiajemi. Chini ya liwali, wenyeji walibaki na miungu yao, makuhani wao, sheria zao na lugha zao. Kodi ilipanda juu. Ardhi, vyeo na amani vilishuka chini. (Kiajemi cha karne za baadaye ndicho kilichotupa neno serikali, sar-kar, mkuu wa shughuli.) Barabara ya kifalme kutoka Sardi mpaka Shushani, mmoja wa miji mikuu ya dola, ilikuwa na kilomita 2,500 hivi na vituo zaidi ya 100. Katika vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Persepolis, mji mwingine wa kifalme, tunamwona karani akiandika posho ya wasafiri: unga kiasi gani, divai au bia kiasi gani, wanakwenda wapi, na hati yao imetolewa na nani. Mwenye hati yenye muhuri alilishwa njia nzima.

Hebu fikiri sasa adui anayeshika muhuri. Barabara iliyopeleka jeshi la mfalme Misri ikamfikisha yeye Shushani. Maghala yaliyolisha askari wa Dario yakalisha askari wake. Na yule liwali, kuhani au mfalme mdogo wa mji, ambaye kwa miaka yote alikuwa amepatana na mkuu aliyeko juu, akajiuliza tu kama mkuu mpya ataheshimu mapatano yale yale. Alexander alikuwa akijibu ndiyo. Baada ya Dario kushindwa na Alexander katika vita vya Issus, Novemba 333, wafalme wa Arados na Byblos, miji ya Foinike (pwani ya Lebanoni na Syria ya leo), walisikia kwamba Alexander ameshika miji yao. Wakaziondoa merikebu zao katika jeshi la Uajemi na kumletea yeye, na za Sidoni zikaja pamoja nao. Wa Kupro nao wakafuata. Tiro ilikataa, ikazingirwa miezi saba. Ilikuwa kisiwa, naye akajenga tuta la mawe na magogo kuvuka maji. Mchanga umejikusanya pale tangu siku hizo, na Tiro ya leo, huko Lebanoni, imeungana na bara. Lakini bila zile merikebu za Sidoni na Kupro, tuta peke yake lisingeutwaa mji.

Baada ya Issus Dario alimwandikia Alexander, na baadaye akamtolea nchi yote ya magharibi ya mto Frati na maelfu ya talanta za fedha. Kwa mvamizi wa aina ya zamani, hayo yalikuwa mali ya vizazi. Alexander alidai aandikiwe kama mfalme wa Asia.

Vita vya kuamua vilikuwa Gaugamela, kaskazini mwa Iraki ya leo, tarehe 1 Oktoba 331 KK. Tarehe hii tunaijua kwa uhakika kwa sababu ya makarani wa Babeli, ambao kazi yao ilikuwa kuangalia nyota na kuandika kila siku, pamoja na bei ya shayiri na mambo ya nchi. Kibao chao cha mwandiko wa kikabari (alama zilizokandamizwa kwenye udongo) kinataja kupatwa kwa mwezi siku chache kabla ya vita. Kinataja hofu iliyoingia kambini kwa mfalme. Kisha kinasema majeshi yalipigana, na askari wa mfalme wakamwacha wakaenda miji yao. Yaani kwa karani wa Babeli, aliyeandika wakati ule ule, askari ndio walioondoka. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi wanasema mfalme ndiye aliyewakimbia. Kibao hicho hicho kinataja ahadi ya Alexander kwa watu wa Babeli, kwamba nyumba zao hazitaingiliwa.

Aliyeufungua mlango wa Babeli ni Mazaeus. Huyu Gaugamela aliongoza upande wa kulia wa Waajemi na kuwabana Wamakedonia kweli kweli. Wiki chache baadaye alitoka mjini na wanawe kujisalimisha, na Alexander akamfanya liwali wa Babeli. Shushani ikafuata, na humo hazinani mlikuwa na talanta 50,000 za fedha. Talanta moja ni karibu kilo 26. Dhahabu iliyokuwa silaha kubwa ya mfalme ikawa mshahara wa adui yake.

Kipo kingine cha kuwaonyesha darasani. Huko Baktria, kaskazini mwa Afghanistan ya leo, zimepatikana hati za Kiaramu za ofisi ya liwali, zilizoandikwa kwenye ngozi. Mojawapo ni orodha ya vyakula alivyopewa Bessus, yule aliyemkamata Dario na kumwua mwaka 330 kisha akajiita Artashasta. Nyingine ni orodha ya mgawo wa shayiri, mwandiko ule ule wa kiofisi, lugha ile ile, utaratibu ule ule. Tarehe yake imeandikwa: mwaka wa 7 wa mfalme Alexander. Ofisi haikufungwa. Mfalme alibadilika, karani akaendelea kupima shayiri.

Kuhusu Dario na woga: kabla hajawa mfalme alisifika kwa kumwua shujaa wa Wakadusi, kabila la karibu na bahari ya Kaspi, katika pambano la watu wawili. Alipoondoka Issus alikuwa anafanya alichopaswa kufanya mfalme wa dola ile. Kumbuka Cunaxa. Mwenye kiti akifa uwanjani, vita vimekwisha hata kama askari wake wanashinda. Kwa kuondoka aliweza kukusanya jeshi lingine kubwa na kupigana tena baada ya miaka miwili. Baada ya Gaugamela hakuwa tena na pa kukusanyia, kwa sababu Babeli na hazina vilikwenda, na hilo ndilo lililomwondolea mamlaka mbele ya makabaila wake.

Anasa sitaichambua sana. Ni lawama ambayo Wagiriki walimtupia kila tajiri wa mashariki. Zile hesabu za askari 600,000 Issus na 1,000,000 Gaugamela nazo ziache. Hakuna nchi ingeweza kuwalisha mahali pamoja. Mwandishi tunayemtegemea zaidi kwa vita hivi aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye, na Waajemi wenyewe hawakutuachia simulizi lao.

Nikipima yote, upande unaounga mkono una hoja moja ya kweli: muundo wa dola ulimfaa yeyote atakayeshika kilele chake. Lakini muundo huo ulikuwapo kwa miaka 200 bila mgeni kuutumia. Ilihitajika Makedonia yenye jeshi la Philip, askari wa miguu wenye mikuki ya mita tano na zaidi wakishirikiana na wapandafarasi na mafundi wa kuvunja kuta. Ilihitajika pia mtu aliyetaka kukaa kitini na si kupora tu, na bahati ya Granicus na Mytilene. Ukiondoa kimojawapo sioni dola ikianguka mwaka 330. Hata baada ya Dario kufa, Alexander alipigana karibu miaka mitatu zaidi Baktria na Sogdia (Uzbekistan na Tajikistan ya leo), na hiyo ndiyo sehemu iliyomsumbua kuliko zote. Kwa hiyo "miaka minne" ya mwanafunzi wako irekebishe kidogo.

Kama shule yenu iko pwani, jiandae kwa swali la Washirazi. Ni kweli magofu ya Persepolis yako kilomita 60 hivi kutoka mji wa Shiraz, lakini kati ya Dario na masimulizi ya Kilwa kuna zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo msiyachanganye kwenye mdahalo huu.

Kwa mdahalo, haya yanatosha. Lakini ukitaka kuyageuza kuwa makala au tasnifu, usiyafanye peke yako na simu. Kile kibao cha Babeli, ambacho kiko British Museum, London, kimevunjika mahali kadhaa, na maneno mengine yamejazwa na wataalamu. Neno moja likijazwa vingine, maana ya sentensi inahama. Hapo nenda idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, uombe kukaa mezani na mtu anayesoma Kigiriki cha kale au Kiakadi, lugha ya kibao kile, mpitie mstari kwa mstari. Nenda pia kama mwanafunzi ameonyesha nia ya kuisomea fani hii, maana lugha hizo zinahitaji mwalimu wa ana kwa ana na miaka kadhaa.

Upande unaounga mkono wape Mazaeus na wafalme wa Foinike. Ni ushahidi wao mzuri kuliko wale 10,000. Na yule aliyeuliza swali mweke upande unaopinga, akaanze na mwaka 343 na orodha ile ya shayiri.